Shamba lililochimbwa dhahabu linaweza kurudi kuwa jaruba la mpunga? Waliowahi kujaribu njooni hapa

#1 Ng'wana Jaruba

Wakuu habari za majukumu, naenda moja kwa moja kwenye mada.

Tuna heka kama nne hivi upande wa Msalala huku Kahama, shamba la familia, mzee alikuwa analima mpunga pale tangu mimi sijazaliwa. Majaruba yalikuwa mazuri, yanashika maji mpaka mwezi wa tano. Baadae ikavuma kwamba kuna dhahabu, mzee akaelewana na wachimbaji wakaingia, maduara (mashimo ya kuchimbia) yakatobolewa kila kona, karasha za kusaga mawe zikafungwa na mwalo wa kuoshea dhahabu ukajengwa pembeni kule bondeni karibu na kisima. Dhahabu ilipokata watu wakahamia rashi nyingine (machimbo mapya), wakatuachia uwanja wa vita.

Hali ya sasa ni hii, mashimo mengine yamefukiwa nusunusu, kifusi cheupe kimelala juu ya ule udongo mweusi, na pale kwenye mwalo kuna rundo la marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuosha dhahabu, ambalo kuna jamaa anataka kulinunua apeleke kwenye matangi ya sainaidi. Msimu uliopita tukajaribu heka moja, mbegu ya SARO 5, kitalu vizuri, tukapandikiza kwa kamba, mbolea za DAP na Urea za ruzuku, palizi zote mbili. Tumeambulia gunia sita. Jirani yangu ambaye hakuchimbwa kavuna zaidi ya ishirini, na yeye hata mbolea ya kupandia hakuweka.

Miche inashika vizuri mwanzoni afu inasimama tu, haichipui, majani ya chini yanakuwa na madoa ya kutu. Na maji hayakai, mvua ikipiga jaruba linajaa, kesho kutwa yake udongo umeshapasuka wakati kwa jirani vyura bado wanalia.

Sasa swali, nijaze samadi ya kutosha (ng'ombe wapo) nilime, au hili shamba limeshakufa? Na kuna mtu kaniambia mpunga wa pale usiliwe kabisa sababu ya zebaki. Ni kweli au ananitisha nimuuzie bei ya kutupa? Wabheja sana.

#2 Siti ya Dirishani

Nipo hapa naokota madini ya bure

#3 Mbeba Kiroba

Mkuu unahangaika na mpunga wa nini na marudio unayo nyumbani? Hayo uza, au waambie wakuchenjulie mgawane. Marudio ya mwalo bado yana dhahabu nyingi tu, sababu zebaki inakamata ile ya chembe kubwakubwa, ile nyingine inabaki humo humo. Ukipata hela unanunua heka kumi za majaruba sehemu nyingine unalima kwa raha. Kilimo cha kufufua maiti hakina faida.

#4 Mama Mchele Isaka

Pole mwanangu. Mimi silimi sana, nakoboa na kusafirisha, ila mashamba ya hivyo nayajua kwa mpunga wake. Wakileta mashineni unaona punje nyembamba, pepe nyingi, kwenye gunia unatoa mchele kidogo na chenga kibao. Huwa nawauliza hii mmelima kwenye kifusi eeh, wanacheka.

Samadi inasaidia lakini iwe imeoza. Ukimwaga mbichi utapalilia mpaka ukome, hayo magugu yote ng'ombe alikula huko akakuletea mbegu. Na usiache kuuliza hilo la zebaki, nyumba yangu ina wajukuu nami nataka kujua.

#5 Udongo na Maji

Nimefanya kazi za udongo kanda ya ziwa muda mrefu, naomba nichangie kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Ng'wana Jaruba, wewe una matatizo matatu yamekaa juu ya kiwanja kimoja na watu watakupa dawa ya moja wakidhani ndo lote. Kuna maji kutokukaa, kuna udongo kuwa na njaa, na kuna sumu. Samadi inagusa hilo la pili tu. La kwanza haiwezi, na la tatu nitakuja kulisema maana hapo samadi inaweza hata kuharibu.

Nianze na maji kwa sababu mpunga bila maji ni majani. Majaruba ya Usukumani hayashiki maji kwa sababu ya kingo peke yake. Wazee hawakuchagua mahali ovyo, walienda kwenye mbuga, ule mfinyanzi mweusi, au kwenye itogolo, ambapo chini ya udongo wa juu kidogo tu unakuta tabaka gumu ambalo jembe linagonga na kurudi. Kwa mahindi itogolo ni balaa, kwa mpunga ndo mali yenyewe. Lile tabaka limetengenezwa na miaka maelfu, na kuvuruga kwa ng'ombe kila msimu kunazidi kuziba vitundu vya juu. Sasa mchimbaji akishusha duara analitoboa. Akitoboa mara ishirini kwenye heka moja, una ndoo yenye matundu ishirini, utajaza maji mpaka uchoke. Ndo maana jirani ana vyura wewe huna.

Kubaya zaidi, mashimo yanafukiwa kinyume. Kinachotoka mwisho ardhini, yaani mawe na mchanga wa chini kabisa, ndo kinabaki juu. Udongo mweusi uliotoka mwanzo upo chini ya rundo. Kwahiyo unapandikiza miche kwenye kitu ambacho hakijawahi kuona jua wala mzizi, hakina mboji, hakina naitrojeni, fosforasi ya kubahatisha. Urea unayoweka inazama na maji kwenye yale mashimo. Gunia sita hazinishangazi kabisa.

Kuhusu kutu kwenye majani nina maswali. Maji yakituama siku mbili tatu yanakuwa na rangi gani? Kuna utando unaong'aa juu? Ukiung'oa mche mizizi ni myeupe au ina rangi ya kahawia kama imepakwa? Na jiwe lililokuwa linatoka kwenye maduara lilikuwa na zile chembe za njano zinazong'aa ambazo mgeni anadhani dhahabu?

#6 Ng'wana Jaruba

Mkuu umesema kama ulikuwepo. Maji yanakuwa ya rangi ya chungwa hivi, hasa upande wa chini kwenye kifusi, na utando upo, mi nilidhani ni oili ya karasha. Mizizi ya kahawia, ukiifikicha inatoka kama ungaunga. Chembe za njano zilikuwa nyingi sana, wachimbaji walikuwa wanaita salfaidi, wakifika hapo wanalalamika kwamba zebaki haikamati vizuri.

#7 Udongo na Maji

Basi chukua kijiti uuchome huo utando. Ukivunjika vipandevipande vikabaki vimekaa mbalimbali, hiyo ni chuma. Ukijikusanya tena ukazunguka zunguka, hiyo ni oili. Naamini utakuta ni chuma.

Mawe ya salfaidi yakiwa chini ardhini hayana shida. Yakitolewa juu yakapigwa na hewa na mvua yanatengeneza tindikali, tindikali inayeyusha chuma na vingine, vinatiririka kwenye jaruba. Mpunga ukiwa kwenye maji unanyonya chuma kupita kiasi, ndo hayo madoa, na ile kahawia kwenye mizizi ni chuma kilichoganda nje. Mzizi wa hivyo haunyonyi chakula hata ukiweka mfuko mzima wa mbolea ya NPK.

#8 Karasha Mkongwe

Nimesoma nimeona niingie, mi nimekula vumbi la karasha Nyarugusu mpaka Lwamgasa, kazi hii naijua kwa mikono.

Kijana ukitaka kujua sumu ipo wapi usitafute shamba zima, fuata njia ya jiwe. Jiwe linatoka duarani, linapigwa, linasagwa linakuwa unga, unga unaoshwa mwaloni kwenye zulia au magunia, ile nzito inabaki kwenye zulia. Hiyo ndo inawekwa kwenye beseni inachanganywa na zebaki kwa mikono, maji yanamwagwa, yanaongezwa, yanamwagwa. Inakamuliwa kwenye kitambaa, inachomwa. Kwahiyo zebaki ipo sehemu tatu, pale walipokuwa wanafanyia beseni, kwenye kidimbwi cha maji machafu na marudio yake, na pale walipokuwa wanachomea, mara nyingi nyuma ya kibanda chini ya mti. Gramu moja ya dhahabu inakula gramu moja mpaka mbili za zebaki, hiyo yote inaenda wapi? Nyingine hewani inaanguka hapo hapo jirani, nyingine kwenye tope. Ni nzito, maji mara kumi na tatu na zaidi, ikimwagika inazama haiendi mbali yenyewe. Kinachoihamisha ni mafuriko ya tope, na mtu akiliponda rundo akalisambaza shambani akidhani anasawazisha.

Huko juu kwenye maduara yenyewe unaweza usikute zebaki kabisa. Waulize waliokuwa wanafanya kazi pale wakuonyeshe kila sehemu, wapo, tena kwa soda moja wataongea mpaka jioni.

Afu Mbeba Kiroba usimdanganye mwenzio. Marudio yenye zebaki ukiyatia sainaidi, sainaidi inaiyeyusha zebaki pamoja na dhahabu, ile ilikuwa imelala kwenye tope inakuwa kwenye maji inatembea. Sainaidi yenyewe jua linaivunja haraka, zebaki haivunjwi na jua wala mvua. Kama anauza auze kwa mwenye mtambo wenye kibali na yaondoke pale pale kwa lori, asikubali mtu aje kuweka matangi shambani.

#9 Mbeba Kiroba

Karasha mimi sijasema aweke matangi shambani, nimesema auze. Soma vizuri bro.

Na hii habari ya kutishana na zebaki mnaikuza. Watu wameshika zebaki kwa mikono miaka ishirini wapo wanadunda na wana watoto wanne. Mpunga unalimwa kuzunguka machimbo yote ya Geita na Kahama, mnataka kusema wote wanakula sumu? Mchele wa Kahama unaliwa mpaka Rwanda.

#10 Mbongo Mashariki ya Mbali

Habari zenu. Niko China kwa masomo, nimeona uzi nikasema leo na mimi nina la kusema maana huku hiki kitu kimefanyiwa kazi sana.

Jimbo la Guizhou kuna sehemu inaitwa Wanshan, ilikuwa migodi ya zebaki kwa mamia ya miaka, na chini yake mabondeni ni majaruba ya mpunga matupu. Zamani dunia nzima ilijua zebaki inaingia mwilini kwa kula samaki, ndo kisa cha Minamata kule Japani, kilichogunduliwa 1956. Wanshan watu samaki hawali sana. Wakapima, wakakuta inayoingia kwa wingi inatoka kwenye wali.

Sababu ni yale yale maji. Zebaki ya kawaida, ile ya kwenye kibuyu cha mchimbaji, mmea hauipeleki sana kwenye punje. Lakini udongo ukifunikwa na maji hewa inaisha, wanaamka bakteria wasiotumia hewa, hao ndo wanaigeuza zebaki kuwa methili zebaki. Hiyo mpunga unaipokea na kuipandisha mpaka ndani ya punje. Kukoboa hakusaidii, maana zebaki ya kawaida inakaa zaidi kwenye pumba ila hii nyingine imo ndani ya mchele mweupe wenyewe. Mahindi ya shamba la jirani kwenye ardhi ile ile hayana shida kiasi hicho kwa sababu hayakai kwenye maji.

Kaka Mbeba Kiroba, ya mkononi na ya tumboni ni vitu viwili. Na anayeumia kwanza siyo mwanaume anayebeba viroba, ni mtoto aliye tumboni, ubongo unaotengenezwa. Hataanguka, atazaliwa, ataenda shule, atakuwa mzito kuelewa na watu watasema karithi kwa mjomba.

Ila sijasema mchele wote wa Kahama, tusichafue biashara za watu. Tunaongelea jaruba lililopokea tope la mwalo.

#11 Mama Mchele Isaka

Mwanangu wa China Mungu akubariki kwa hilo la mwisho, maana nilishaanza kuona wateja wanakimbia 😂

#12 Tindo Kali

Huyo mtu wa sainaidi anatoa bei gani kwa tripu? Naulizia rafiki

#13 Udongo na Maji

Mbongo wa Mashariki umenirahisishia, sasa nimalizie lile la samadi.

Wale bakteria wanahitaji chakula, na chakula chao ni mboji. Ukichukua jaruba lenye zebaki ukalijaza samadi au ukarudishia majani ya mpunga kisha ukafunga maji, umewapikia. Huko huko China wamejaribu kurudishia majani ya mpunga kwenye majaruba yenye zebaki na methili zebaki ikapanda. Ng'wana Jaruba unapouliza nijaze samadi nilime, jibu langu ni kwamba inategemea ni upande gani wa shamba. Juu kwenye maduara, jaza. Chini kwenye mwalo, usiguse kitu kabla ya kupima.

Na upimaji wenyewe watu wanapigwa hapa. Ukienda maabara ukasema nipimie udongo watakupa pH (kipimo cha tindikali), naitrojeni, fosforasi, potasiamu, mboji. Karatasi nzuri kabisa, na zebaki haimo. Lazima uombe kwa jina, zebaki, aseniki, risasi, kadimiamu. Rutuba unaweza kupima kwa watafiti wa kilimo TARI Mlingano kule Tanga ambao ndo kituo cha taifa cha udongo, au Ukiriguru hapo Mwanza, au chuo cha kilimo SUA Morogoro. Metali nzito ulizia ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali kanda ya ziwa au GST, watu wa jiolojia, Dodoma, waambie mapema unachotaka wakuelekeze namna ya kubeba sampuli. Aseniki naitaja kwa sababu mara nyingi inatembea na hayo mawe ya salfaidi, na yenyewe mpunga unaipenda kwa sababu ya maji, chuma kikiyeyuka kinaiachia.

Sampuli chukua hivi. Gawa shamba kwa historia yake, siyo kwa heka. Kifusi peke yake, pale pasipochimbwa peke yake, chini ya mwalo peke yake. Kila sehemu zunguka zigizaga, chimba kina cha jembe, sentimita 20, pointi kumi na kitu, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, bakiza kama kilo moja. Usitumie mfuko uliokaa mbolea. Ile ya zebaki usianike juani wala usikaushe jikoni, itapaa. Na chukua moja kwa jirani yule wa vyura, bila yeye hutajua shamba lako lilikuwaje kabla.

#14 Mwanasheria wa Kijiweni

Mnaongea udongo tu, nani alitakiwa kufukia hayo mashimo?

Sheria ya Madini ya 2010 inataka ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi kwa eneo lililo ndani ya mita 50 ya shamba lililolimwa au kuandaliwa kwa mazao, na mita 200 kwa nyumba ya kuishi. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto au ziwa. Hata mwenye leseni ndogo ana wajibu wa kurudisha eneo, kuna mpango wa kulinda mazingira anatakiwa kuuwasilisha. Na Tanzania imeridhia mkataba wa Minamata wa zebaki tangu 2020.

Swali kwa mleta uzi, mzee alisaini nini? Kuna leseni au walikuja wenyewe na sururu?

#15 Ng'wana Jaruba

Mkuu walikuja na sururu. Mwanzo kuna mtu alisema ana leseni, mwenyekiti akashuhudia, karatasi ya daftari, mzee akawa anapata mgao wa viroba vya mawe ya dhahabu. Huyo mtu simu haipatikani tangu dhahabu ilipokata.

#16 Mwanasheria wa Kijiweni

Basi nenda ofisi ya madini ya mkoa uulize kama eneo hilo lilikuwa na leseni, kumbukumbu zipo. Kama ilikuwepo una mtu wa kumshika. Kama haikuwepo, fukia mwenyewe ndugu yangu.

#17 Mwana wa Kishapu

Naongezea kidogo, isije ikaonekana kila ardhi ya mgodi ni sumu ya aina moja. Kwetu Kishapu mnakumbuka Novemba 2022 bwawa la tope la Mwadui lilipasuka, tope likafunika nyumba na mashamba. Pale ni almasi, almasi haitumii zebaki wala sainaidi. Shida ya tope lile ni nyingine, ni jiwe la almasi lililosagwa, lina magnesiamu nyingi, linakauka linakuwa gumu juu, mbegu haipumui. Dawa yake haifanani na ya Msalala. Kwahiyo mtu asichukue ushauri wa uzi huu akaupeleka kwenye mashimo ya mchanga au ya matofali akaanza kuogopa zebaki.

#18 Karasha Mkongwe

Sahihi kabisa

#19 Plau Mbili

Mimi niliwahi kufukia, naomba niseme ilivyokuwa.

Heka moja na nusu, maduara mengi. Kosa la wengi ni kuita buldoza lisukume kila kitu mara moja, linachanganya mweusi na mweupe na linashindilia juu, ukimaliza una uwanja wa mpira. Sisi tulikodi eskaveta ndogo, tukaanza kuutafuta ule udongo mweusi, tukauchota na kuuweka pembeni kabisa. Mawe makubwa ndo yakarudi chini ya shimo. Juu yake kifusi, tunamwagia maji na kushindilia kila tabaka, maana usiposhindilia mvua ya kwanza inazama yote na unapata beseni. Karibu na juu tukaweka mfinyanzi tuliouchimba pale pale mbugani, unene wa kama goti, tukaushindilia ukiwa na unyevu siyo mkavu, hapo ndo unaziba lile tundu la mkuu Udongo. Mwisho mweusi ukarudi juu.

Kuna mzee alitushauri tusipande mpunga mwaka huo. Tukavuruga tu na ng'ombe mvua zikiwepo, mara mbili, ili uchanganyike na kuziba. Mvua zilipoisha tukapanda dengu kwenye unyevu uliobaki. Dengu tukauza, majani tukalima chini. Mwaka uliofuata mpunga, mbegu ya Kalamata, haukuwa wa ajabu lakini maji yalikaa mpaka ukatoa masuke. Sehemu moja ilititia bado, tukaongeza mfinyanzi.

Gharama siwezi kuficha, eskaveta imekula kuliko mazao ya misimu miwili. Mtu asiye na ng'ombe na ndugu wa kubeba asijaribu kwa mkupuo, afukie jaruba moja moja.

#20 Udongo na Maji

Plau Mbili hapo umefundisha kuliko mimi. Naongeza mawili tu.

Ile tindikali, usikimbilie DAP tena. Kwenye udongo wenye tindikali phosphate ya Minjingu, hiyo ya kwetu ya Manyara, inayeyuka vizuri na ina kalsiamu inayopunguza ukali. pH ikitoka chini ya 5.5 weka na chokaa ya kilimo kwa kiasi watakachokwambia maabara, wiki kadhaa kabla ya kupandikiza. Na kabla ya chokaa zuia chanzo, chimba mfereji juu ya jaruba yale maji ya rangi ya chungwa yapite pembeni yasiingie, lakini usiyaelekeze kwa jirani wala kisimani. Samadi tani 2 mpaka 4 kwa heka, iliyooza, kwa majaruba yaliyopimwa yakawa safi. Marejea nayo, mmea wa kurutubisha udongo, ukiipata ipande na uilime ikianza kutoa maua.

Kwa sehemu itakayokuwa katikati, haijachafuka sana lakini siyo safi, kuna namna ya kulowesha na kukausha kwa zamu. Unachimbia bomba lenye matundu, maji yakishuka sentimita 15 chini ya udongo unafungulia tena, isipokuwa wakati wa maua usiukaushe. Hewa inaingia, aseniki na methili zebaki zinapungua. Kadimiamu ikiwepo inafanya kinyume, inapanda, ndo maana nikasema upime zote. Na hii inataka uwe na maji ya kufungulia, kwa mvua peke yake ni bahati nasibu.

#21 Siti ya Dirishani

Na pale mwaloni akikuta imechafuka kweli afanyeje? Apande pamba?

#22 Udongo na Maji

Pamba afadhali kuliko mpunga, hailiwi na haikai kwenye maji. Ila mashudu yanaenda kwa ng'ombe na watu wanachunga kwenye mabua, kwahiyo mi siipendi sana. Pale mwaloni ni padogo, hata robo heka haifiki. Azungushie, marudio yaondoke, apande miti ya nguzo, aache. Shinyanga hili tunaliweza, mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulianza 1986 watu wakidhani ardhi yetu imekwisha, wakarudisha ngitili (maeneo ya malisho yanayotunzwa) na sasa kuna misitu. Tofauti ni kwamba hii ya kwake ng'ombe asiingie hata kiangazi.

Na kisima kile karibu na mwalo kipimwe pia. Hilo ningelifanya wiki hii kabla ya udongo.

#23 Mama Mchele Isaka

Hapo kwenye kisima nilikuwa nasubiri mwanaume mmoja aseme. Watu wanakunywa kila siku nyie mnaongea gunia.

#24 Ng'wana Jaruba

Wakuu nimesoma yote, nimemsomea na mama. Mzee mwenyewe anasema mwalo ulihamishwa mara moja, kuna wa kwanza ulikuwa juu karibu na mwembe ambao sisi watoto hatukuwa tunaujua, na ndo hapo hapo tulipopanda ile heka ya SARO 5. Kwahiyo sampuli nyingine inatoka pale.

Zile gunia sita, tumekula mbili, nne zipo stoo. Mama kasema hazipikwi tena mpaka majibu. Mbongo wa Mashariki, mchele wenyewe unaweza kupimwa au ni udongo tu?

Kisima nimeongea na mwenyekiti, kaya kama saba zinachota pale, tunaanza kuchota kwa mjomba ng'ambo kwa sasa. Marudio simuuzii huyu jamaa, anataka kuweka matangi hapo hapo.

Mpunga mwaka huu nitalima jaruba tatu za juu ambazo hazikuchimbwa. Mashimo nianze na mawili nione mfinyanzi unakaaje.

#25 Mbongo Mashariki ya Mbali

Mchele unapimwa na ndo bora zaidi, unajibu swali lenyewe. Peleka nusu kilo uliokobolewa, na waambie unataka zebaki jumla na methili zebaki. Hiyo ya pili maabara nyingi hazifanyi, wakikwambia hawana basi hata jumla inatosha kukuonyesha kama kuna jambo. Na aseniki, kiwango cha kimataifa kwa mchele uliokobolewa ni miligramu 0.2 kwa kilo, ile aseniki isiyo na kaboni, wao watajua.

#26 Plau Mbili

Mfinyanzi usiuchimbe bondeni chini ya mwalo, utaibeba sumu uipandishe juu. Toa upande wa jirani wa vyura, mlipe hata debe mbili za mpunga.

#27 Tindo Kali

Mbegu ya dengu sa hivi Kahama debe inaenda ngapi? Hii siyo ya rafiki, ni yangu

#28 Mama Mchele Isaka

Njoo inbox mwanangu, ninayo, ila ipo Isaka na nauli ya gunia ni yako.